Mwingereza Aliyeigiza Baba Yangu

Kanisa letu la Brooklyn Center lilipoamua kutengeneza filamu, mimi ndiye niliyeandika hadithi. Haikunipa taabu, kwa sababu ilikuwa hadithi ya marehemu baba. Alikuwa na kinu cha kusaga mahindi kule kwetu Nyeri, na wakati wa ukame aliwagawia wajane unga bila kudai kitu. Binti yangu, aliyezaliwa hapa Minnesota na sasa yuko darasa la tatu, hakuwahi kumwona babu yake. Nilitaka amwone, hata kwa kuigizwa. Hilo tu ndilo nililotaka, na nilidhani ni jambo dogo.

Nilidhani pia kwamba baba nitamwigiza mimi. Nina sura yake, nina kipara chake, na nilishaanza kufanya mazoezi ya mwendo wake mbele ya kioo. Kumbe sikuijua kamati. Mwenyekiti wetu, mama mmoja muuguzi wa Lakeville ambaye siku zake zote za mapumziko huzimalizia kwenye sinema, alinisikiliza nikisoma mistari michache ya Kiingereza, maana filamu tuliiandika kwa Kiingereza ili watoto waelewe. Kisha akavua miwani.

"Ndugu yangu, usikasirike," akasema, "lakini hiyo accent yako imekuwa ya Minnesota. Na si Minnesota ya TV, ni ile ya gas station."

Halafu akatupa somo. Tangu enzi za filamu bubu, alisema, Waingereza wamekuwa wakivuka bahari kwenda California kuchekesha na kuliza watu. Wamarekani nao wamekuwa wakivuka kwenda London, wengine wakifuata studio za gharama nafuu, wengine zamani wakikimbia wanasiasa wa kwao waliowashuku kuwa wakomunisti. Leo shujaa wa Kimarekani anayeokoa dunia, ukimvua kofia ni Mwingereza. Malkia wa Uingereza, ukimfuta poda ni Mmarekani. Hata viongozi weusi waliopigania haki hapa hapa Marekani huigizwa na watoto wa London.

"Hakuna anayejiigiza mwenyewe," akamalizia. "Sasa sisi ni nani tuanze?"

Kamati ikapiga makofi, mchungaji akasema amina, na kwa kuwa amina huambukiza, nami nikasema amina.

Basi akaagizwa kijana kutoka kanisa moja rafiki la London, mzaliwa wa huko, wazazi wake wa kwetu. Kwa kubadilishana tukawapelekea mwimbaji wetu mmoja akaigize Mmarekani kwenye mchezo wao wa Krismasi, mtu mwenye pasipoti ya Kenya ambaye mpaka leo huuliza theluji ya huku inaisha lini. Mgeni wetu alikuwa kijana mzuri, siwezi kumsingizia. Aliniambia kwao hupewa tu nafasi za mlinzi wa mlangoni, ndiyo maana alikubali kuja. Alijaribu kuzungumza kama mzee wa Nyeri, mwenyekiti akamkataza kabisa. Umevuka bahari kwa sababu ya hiyo sauti, akamwambia, usituletee nyingine. Sauti yenyewe ilikuwa nzito, laini, ya taratibu, kila neno limepigwa pasi.

Jambo moja hatukulifikiria, sisi watu wazima na shahada zetu. Watoto wetu wamelelewa na katuni na filamu za hapa, na katika filamu za hapa mtu anayezungumza Kiingereza cha London, tena kwa upole, ndiye aliyeficha bomu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Chai ya maziwa ikamiminwa, mandazi yakapitishwa, watoto wakakalishwa mbele. Baba yangu akatokea kwenye skrini, ametapakaa unga hadi kwenye nyusi, akatabasamu, akasema pole pole, "Good evening, mother." Safu nzima ya mbele ikajivuta nyuma. Akamkabidhi mjane mfuko wa unga na kumwambia akawapikie watoto.

"Don't eat it!" mtoto mmoja akapiga kelele, na wenzake wakamfuata, wanamwonya mama wa watu kwamba unga una sumu. Wazazi walicheka wakashika mbavu. Mwenyekiti aliniinamia akasema hiyo ndiyo nguvu ya mwigizaji halisi. Mimi sikucheka. Nilitamani kuzima umeme.

Tukirudi nyumbani, binti yangu alisubiri mpaka tulipotoka barabara kuu. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukisikia lakini hakizungumzi: wale watoto wa yule mama, Guka aliwaua wote? Guka ndivyo sisi tunavyomwita babu.

Niliegesha gari pembeni nikageuka nyuma. Nilimweleza kwamba hakuna aliyekufa. Mama yao aliwasongea ugali wakashiba, unga ulipoisha akarudi, na akapewa tena. Nilimwambia Guka alikuwa na sauti ya kukwaruza kwa sababu ya vumbi la unga, na hata akikusalimia alikufokea, kwa kuwa alizoea kushindana na injini ya kinu.

Akauliza, "So who's the bad guy?"

"Hakuna. Kulikuwa na njaa tu."

"Then it's not a movie, Dad."

"Si movie," nikamwambia. "Ni babu yako."