Mafuta ya Ndege Ndani ya Bajaji

Mbaruku hajawahi kupanda ndege, ila ikipita juu ya Kariakoo huipungia mkono kama vile anamjua rubani. Ndiyo maana jamaa mmoja wa kijiweni alipomletea dumu la mafuta ya ndege, hakuuliza yametoka wapi. Aliyamimina kwenye bajaji yake siku ya kupeleka begi la bibi harusi, akijiambia leo Upanga watamwona anapaa.

Begi lilitoka kwa rafiki yake Ridhiwani, anayemwoa Khairunnisa. Shangazi Mauza alikuwa amelipakata kiti cha nyuma, na akishalipakata hashuki wala haliweki chini mpaka mlangoni kwa wakwe. Wakwe nao walishasema: adhana ya alasiri ikiwakuta njiani, mlango unafungwa na begi linarudi lilikotoka.

Mpaka Msimbazi mambo yalikuwa poa, maana petroli ya jana ilikuwa haijaisha kwenye mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini. Karibu na mataa ya Fire bajaji ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Pikapu ya matarumbeta iliyokuwa ikiwasindikiza ikasimama nyuma, akashuka Bakili, mpiga tarumbeta ambaye siku nyingine ni fundi pikipiki Gerezani. Akafungua tangi, akanusa, akacheka mpaka machozi.

"Kaka, haya ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa."

Akamweleza kwamba petroli ni nyepesi, hugeuka mvuke upesi, plagi ikitoa cheche tu inadaka. Haya ni mazito, yanataka injini ya ndege, ile ambayo moto wake ukishawaka hauzimwi mpaka itue. Tangi ilibidi limwagwe na kusafishwa, na muda huo haukuwepo.

Mbaruku akamsihi shangazi ahamie pikapu. Shangazi akatengeneza mtandio wake.

"Nishashuhudia harusi nyingi, baba. Sishuki. Sukumeni."

Wakasukuma, yeye na wapiga tarumbeta, wale mkono mmoja bajaji, mkono mmoja tarumbeta. Walipofika Upanga mlango ulibaki upenyo tu, na mama mkubwa wa Khairunnisa anachungulia. Mbaruku, jasho tele, akatoa shikamoo.

"Kwetu mzigo wa heshima hauendeshwi," shangazi akasema, akishuka taratibu na begi lake. "Unasukumwa."

Mlango ukafunguka wote, vigelegele vikapokea begi. Mama mkubwa aliipenda mno mila hiyo, akaagiza kesho gari la bwana harusi nalo lije vivyo hivyo. Mbaruku ndiye aliyeachiwa kazi ya kumpigia Ridhiwani, amwambie atafute vijana wenye nguvu.