Kipimo cha Tatu cha Kisima cha Baba

Shangazi yangu ana kazi isiyo na wa kuishukuru: kupima maji ya visima vya umma. Kila mwezi anazunguka mitaa na boksi la barafu begani, uso kaukunja. Watu wanamwamkia kwa adabu zote, akishapita wanamwita Mama Chupa.

Ukimwona bombani utadhani anampasua mgonjwa. Anafungulia maji yatiririke dakika tano, wenye ndoo wakimsonya. Anafunga, anachoma mdomo wa bomba kwa moto, anafungulia tena, kisha anakinga chupa bila kidole kugusa ndani ya kifuniko. Mtu akikohoa karibu, chupa ile inatupwa, anaanza upya. Maji yasipofika maabara ndani ya saa sita, yanamwagwa. Aliwahi kumwacha mumewe stendi na mizigo kwa ajili ya hizo saa sita, na mpaka leo hajamwomba radhi.

Sasa, mwenyekiti wa kisima cha mtaa wetu ni baba yangu, kaka yake mkubwa. Baba hana cheo kingine duniani, hivyo hicho kimoja analala nacho. Mwaka huu kipimo cha kwanza kilikuta vijidudu vya chooni. Cha pili, vilevile. Cha tatu kikifeli, kisima kinafungwa, na baba anarudi kuwa mzee wa kawaida kama wazee wengine.

Akaona atumie akili. Siku moja kabla ya kipimo cha tatu alimimina kisimani kopo zima la dawa ya maji. Dawa ile watu huipima kwa kijiko. Baba aliipima kwa woga. Chai ya mtaa mzima ikanuka dawa, na fundi cherehani akaanua shati la mteja likiwa na mabaka meupe.

Kesho yake Shangazi alikinga maji kidogo, akatia kidonge chake cha kupimia dawa. Yakawa mekundu papo hapo.

"Kaka, umetia nini humu?"

"Usafi," baba akajibu.

"Usafi wenyewe ukiisha, vijidudu vinarudi. Leo sichukui."

"Mdogo wangu, si uchukue tu? Nani atajua?"

"Mimi hapa."

Akabeba boksi lake, huyoo. Alirudi baada ya wiki tatu, saa nne asubuhi, bila kumwambia mtu, hata mimi niliyekunywa naye chai asubuhi ileile. Kipimo kikafeli. Bomba likafungwa kwa mnyororo, mtaa ukaanza kufuata maji barabara ya pili, na matusi yote yakaenda kwa Shangazi. Nilimwonea huruma, ila kidogo, maana na mimi nilikuwa nabeba ndoo.

Baba alinuna siku nne, kisha akaenda kumshtaki kwa bibi, mama yao. Shangazi akaitwa, na mimi nikajipenyeza. Bibi alikuwa amelala, amekonda sana. Sote tulisema ni uzee. Miguuni pa kitanda ilikuwepo ndoo ya mwisho ya maji ya kisima, aliyoletewa na baba mwenyewe.

"Mama, huyu binti yako amenidhalilisha mtaa mzima," baba akasema. "Maji haya si unayanywa kila siku? Yamekufanya nini?"

Bibi akajiinua kwa kiwiko.

"Mwanangu, tumbo linaniendesha mwezi wa tatu huu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa ukiniletea ndoo, unasimama hapo hapo unaniuliza, 'Mama, matamu?' Ningekwambiaje, na wewe ndiye mwenyekiti?"

Ningekuwa mimi, ningesema, "Si nilikwambia?" Shangazi yeye alikuwa analia. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika mguu wa mama yake juu ya shuka. Kisha akainuka, akabeba ile ndoo, akaenda kuimwaga nje mwenyewe, majirani wakimwangalia.