Pumzi ya Mwajuma

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, baada ya sala ya adhuhuri, hapa hapa mtaani Nyakabiga, niliposikia pumzi ya mke wangu Mwajuma ikisimama.

Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, mwezi wa saba. Alilala chali kwenye mkeka sebuleni, anakoroma mpaka uani. Nyumba zetu zimebanana, kwa hiyo jirani yetu Saidi, fundi magari, alipiga kelele kutoka kwake: "Bibi arusi, hiyo moteri yako inakunywa lita ngapi za mazutu?"

Mama yangu akacheka. Siku hizo mjamzito akikoroma tulifurahi. Tulisema usingizi umemkolea, na mtoto ni wa kiume, mnene. "Mumuache alale," mama akasema. Lakini Mwajuma aliamka kila asubuhi akiwa amechoka, kichwa kinamuuma, miguu imevimba.

Shangazi yangu, Bi Nuru, alikuwa amekuja kutusalimia. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Munyamaze. Musikilize."

Mkoromo ukakatika. Tulisikia kuku wa uani, na redio ya mbali. Kifua cha mke wangu hakikupanda. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile. Kisha akashtuka, akavuta hewa kama mtu anayeibuka kutoka chini ya ziwa, na akaendelea kulala.

"Huu ndio usingizi mutamu?" shangazi akamuuliza mama. "Apana, wifi yangu. Mutoto wa watu anapigana, na sisi tunacheka."

Tulimwamsha, tukaenda zahanati saa ile ile. Muuguzi alikuta presha imepanda. Alimpa dawa, akamwambia asilale chali; alale ubavu, wa kushoto ukiwezekana, kichwa kimeinuliwa kwa mito, na arudi kupimwa kila wiki. Halafu akaniwekea sikioni kile kipembe cha kusikilizia tumbo. Mwanangu, nilisikia moyo. Mdogo, unakwenda mbio, haujali kelele zetu. Nilikuwa nimesali tangu utotoni, lakini pale ndipo niliposali kwa kweli.

Mkoromo haukuisha wote. Kile kimya kilipungua, presha ikashuka, na yule mtoto wa kiume tuliyemtabiri akazaliwa msichana, analia kwa nguvu zote.

Mwajuma tumemzika mwaka huu, akiwa bibi wa wajukuu wengi. Nyumba imenyamaza, na sijaizoea. Lakini pumzi zote zile alizovuta baada ya Ijumaa ile, mimi bado ninazistaajabia.

Basi, mwanangu, mjamzito akikoroma usimtanie tu. Kaa kando yake, usikilize. Ukisikia pumzi inakatika, au akiamka na kichwa kinachouma, au uso na mikono imevimba, mpeleke apimwe presha siku hiyo hiyo. Na wewe mwenye mimba, usione aibu kumwambia daktari kwamba hulali vizuri. Hayo si mambo ya kuvumilia.

Mungu akulinde ukiwa umelala, wewe na huyo ambaye bado hajavuta pumzi yake ya kwanza. Amina.