Pumzi ya Pili

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiisimulia viganja vyangu hutoka jasho. Tulikuwa kwenye kiboti cha Ami Seif, ndugu yake babu yako. Tulitoka Al Jaddaf asubuhi kwenda kuzamia kombe, wale chaza wa kula, kama tulivyozoea tangu tuhamie Dubai. Ilikuwa michezo tu. Tunazamia, tunacheka, tunarudi nyumbani kuwakaanga kwa kitunguu thomu.

Lakini mwaka ule kombe waliadimika. Maji yalikuwa na tope la mchanga wa ujenzi, na pale tulipozoea kuwaokota kama nazi zilizoanguka hapakuwa na hata ganda. Na mama yako ana mimba yako, roho yake haitaki chochote ila kombe. Baba yako, kaka yangu Hamadi, akaapa harudi mikono mitupu. Unamjua baba yako akishaapa.

Ami Seif alikuwa na sheria yake. Mzamiaji hufungwa kamba kiunoni, na anayeishika kamba hubana pumzi pale pale mwenziwe anapozama. Ukishindwa wewe uliyekaa kitako juu, basi anayehangaika chini kashindwa zamani. Mvute. Siku ile kamba nilishika mimi.

Baba yako alizama, nikamvuta, akaibuka mtupu, akazama tena, nikamvuta, mtupu. Kisha akaanza kuhema haraka haraka, eti ajaze kifua, akanikazia macho.

"We Zuwena, usinivute mpaka nitikise kamba. Unanikatisha kila mara."

"Na Ami je?"

"Ami kashughulika na mashine yake. Yalla, shika."

Akazama. Nikabana pumzi. Kifua kikauma, masikio yakavuma, nikashindwa. Nikaitazama kamba, imetulia. Nikaogopa kumvuta, nikaogopa kutomvuta. Kaka yangu alikuwa mkali, nami nilimwogopa yeye kuliko bahari, upumbavu wa ujana huo. Nikavuta pumzi ya pili.

Kamba haikutikisika.  Nikawa kama namwona mama yako mlangoni kwetu, mkono juu ya tumbo lake, ananiuliza mumewe yuko wapi. Nikaanza kuvuta huku nalia, "Ami! Ami, Hamadi!" Kamba ikaja nzito kama imefungwa gunia. Ami akaruka, tukavuta wote.

Alipotokeza, macho yalikuwa wazi lakini hayaoni, na midomo imegeuka buluu. Ami alimpiga makofi mashavuni, akimwita kwa jina lake na la baba yake, mpaka akakohoa na kuvuta hewa kwa mkoromo. Mkononi kang'ang'ania kombe mmoja. Na neno lake la kwanza lilikuwa la ugomvi.

"Mbona umenivuta? Nilikuwa raha mustarehe."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, mwanangu. Mtu anakufa, naye anaona raha.

Nilidhani Ami atamgombeza yeye. Alinigeukia mimi, sauti yake chini kabisa.

"Ulishindwa, ukavuta pumzi nyingine. Ile ilikuwa yake, Zuwena."

Kombe yule mama yako alimla kwa ndimu, akasema mmoja hatoshi. Hatukumwambia kitu.

Sasa nasikia umenunua miwani ya kuzamia, na Ijumaa unakwenda na rafiki zako. Nenda, sikukatazi. Ila usizame bila mtu juu wa kukushikia kamba, na mtu huyo asiwe anayekuogopa. Akikuvuta, njoo, hata kama unajisikia vizuri, tena hasa unapojisikia vizuri. Na zamu ya kushika ikiwa yako, ukiona mwenzio kanyamaza, baharini au nchi kavu, usingoje akutikisie kamba. Acha akasirike. Baba yako alininunia wiki nzima, na kila siku ya wiki ile nilimtazama alivyonuna nikamshukuru Mungu.

Mungu akupe kifua kipana, akupe na wa kukuvuta kwa wakati, na kila unapozama akurudishe kwa mama yako ukiwa hai, hata kama umenuna. Amin.