"Kalas" na Pikipiki ya Taban

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Munuki, Juba, walikuwapo Mudir, ndivyo tulivyomwita mwenye karakana. Fundi Mkuu Lado. Ayubu wa rangi. Na wadogo zangu watatu, Simoni, Rebeka na Lusia. Niliwakalisha juu ya tairi kuukuu kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi niliacha shule darasa la sita huko Kitale, nikajifunza kuchomelea milango, ndipo tukarudi nyumbani.

"Huyu dada wa Kenya," Lado alimwambia Mudir, "atatuchomelea fremu ama atatuchemshia chai?"

"Chai iko kwa mama ya kona," Mudir akajibu. "Mpe miwani."

Kazi yetu ilikuwa kubadilisha pikipiki za kawaida ziwe vile mteja anavyotaka: kurefusha fremu ibebe mizigo, kuongeza gurudumu la tatu, kukunja bati liwe tangi jipya. Lado alinifundisha kushikiza kwanza, yaani kugusa maungio kwa vidoti vichache vya moto ili chuma kisipinde. Fremu ikikaa sawa, ndipo unajaza mshono mzima. Kabla ya rangi, fundi mkuu hugonga kila ungio kwa nyundo na kusikiliza. Mshono mzima hulia kama kengele. Vidoti hutoa sauti ya debe.

Lado alipoondoka Juba, nilipewa nyundo yake. Karakana ilikuwa imeshahamia Gudele, na Simoni na Rebeka walikuwa wanajitegemea. Lusia bado alikuwa shuleni. Ndipo wakaja watu wa televisheni, wa kile kipindi kinachofuata mafundi kazini bila kuigiza. Hivyo ndivyo walivyosema.

Walichagua pikipiki ya Taban. Taban alikuwa dereva wa bodaboda aliyekatwa mguu wa kushoto, na gia hubadilishwa kwa mguu huo. Tulikuwa tunahamishia gia mkononi na kumwekea magurudumu mawili nyuma. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima.

Mimi nilishika kazi ya gia, Mudir akashika mishono ya nyuma. Produsa alimtaka arudie kuchomelea, tena na tena, cheche zionekane vizuri.

"Mzee, mara moja tu. Geuza uso huku."

Mudir akatupa miwani chini. "Kalas!" Akaondoka.

Kwa Kiarabu chetu cha Juba, kalas ni imekwisha. Pia ni basi, nimechoka nanyi. Mimi nilisikia imekwisha. Kamera zilikuwa zinanisubiri, nyundo ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Nikamwambia Ayubu apake. Puti na rangi nyekundu vikafunika vidoti ambavyo Mudir hakuwa amevijaza.

Asubuhi Mudir alikuta pikipiki inang'aa, akadhani nimemalizia mimi. Taban akapanda, majirani wakapiga vigelegele. Kwenye kona ya kwanza ungio la nyuma likafunguka. Akaanguka, mkono ukavunjika, na kamera zikachukua yote.

"Nani aliruhusu itoke?" produsa akauliza.

Nilifungua mdomo. Mudir akanitangulia. "Mimi. Fundi alikataa, nikamlazimisha."

Walipoondoka nilimuuliza kwa nini amesema uongo.

"Lusia iko shule bado?"

"Bado."

"Mimi iko na karakana. Wewe iko na mikono tu. Hiyo mikono ikipata jina mbaya, nani ataipa kazi?"

Nilimwendea Taban hospitalini, nikamwambia ukweli.

"Basi nitengenezee nyingine," akasema. "Na hiyo usiipake rangi mpaka niigonge mwenyewe."

Nilikata fremu yote nikaanza upya. Aligonga maungio yote, mengine mara mbili, na hadi leo anabeba abiria. Lakini kipindi kilionyeshwa bila sehemu hiyo. Wateja wakapungua, na madereva wakimwona Mudir wakawa wanapiga kelele: "Mudir Kalas! Leo umemwangusha nani?" Alikuwa anacheka nao.

Nilichomelea hadi Lusia akamaliza masomo, na miaka mingine juu yake, mpaka macho yakakataa. Ninyi mnaoanza, neno la mtu lisiwatoshe hata akiwa mkubwa wenu. Gongeni.

Sasa nina muda, na najua pa kuupeleka. Niliwaomba watu wa televisheni wanirekodi, hawakujibu. Kwa hiyo nakwenda kwa miguu, steji moja ya bodaboda baada ya nyingine, nawaeleza madereva ni nani aliyekosea siku ile. Gudele nimemaliza. Juzi, mtaani Mangateen, dereva mmoja akaniuliza, "Sasa mama, hilo jina tukupe wewe?"

"Nipeni," nikamwambia.

Jana Mudir alipita pale na bado walimwita vile. Kesho nitarudi Mangateen. Munuki sijaanza.