Vinundu Viwili Kando ya Kitovu

Sikumbuki vizuri vilianza lini. Nakumbuka asubuhi moja hapa Kakuma nikijifunga leso, mkono ukapita juu ya kitu laini upande wa kushoto wa kitovu, kama tende iliyofichwa chini ya ngozi. Baadaye vikawa viwili. Hapo ndipo nilipokuwa najidunga insulini ya ugonjwa wa sukari, karibu mwaka mzima, pale pale.

Kwa nini pale pale? Sindano haikuwa inauma tena, nikadhani mwili umekubali. Tena nimekulia kwa ng'ombe. Baba alikuwa akimtoa ng'ombe damu shingoni, mshipa ule ule, sikumwona akitafuta mahali pengine. Labda nesi aliyenifundisha aliniambia nihamehame. Siwezi kuapa kwamba hakusema. Siku hiyo hofu iliniziba masikio.

Jirani yangu Msomali, muuza vitambaa, alivigusa.

"Dada, huu ni uchafu umekaa. Kwetu tunachoma na chuma moto."

"Hata kwetu."

"Sasa unangoja nini? Vizae?"

Tulicheka. Bega langu lina alama ya moto, nyanya yangu alilichoma lilipokuwa likiuma, na halijauma tena. Ni moto au ni muda, sijui.

Kabla ya kuchoma nikajaribu kuhamia upande wa kulia, kipimo kile kile, nikala kama kawaida. Haukupita muda nikaanza kutetemeka, jasho baridi kwenye joto hili, macho giza. Jirani akaninywesha chai yake tamu mpaka nikarudi. Nikasema basi, upande wa kulia ndio mbaya. Lakini kule kwenye vinundu, miezi yote hiyo, sukari ilikuwa inapanda tu, na mimi naongeza dawa. Nikaogopa pande zote mbili. Siku mbili sikujidunga kabisa, kichwa kikawa kizito, ndipo nikaenda hospitali ya Lodwar.

"Ejok, mama," nesi akanisalimu kwa Kiturkana, akasikiliza yote, akabonyeza tumbo polepole. "Dawa inakwama humu. Ndiyo maana uliongeza. Ulipodunga mahali pazima, yote ikaingia, sukari ikashuka mno."

Nikamweleza habari ya ng'ombe wa baba.

"Na alimtoa huyo huyo damu kila siku?"

"Hapana. Alimpumzisha kwanza."

"Wewe tumbo lako ulilipumzisha lini?"

Yeye na daktari walipunguza kipimo. Akanichorea tumbo na mapaja kwenye karatasi, akasema nihamishe sindano kwa zamu, vinundu nisivichome wala nisividunge, vitapungua taratibu.

Jirani bado anasema moto ungemaliza mara moja. Siwezi kumwita mjinga, chai yake ndiyo iliyoniinua. Vinundu bado vipo. Leo ilikuwa zamu ya paja la kulia, na sindano imeuma. Nadhani nimefuata mchoro sawasawa. Nimekula, nimeketi na kikombe cha chai ya sukari kando yangu, natazama vidole kama vitatetemeka.