Mwendo wa Nyota Iliyobaki

Nilipokuwa kwenye eda ya mume wangu, wifi yangu alitoka Mazingara akaja kukaa nami Hale. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha sibaki peke yangu, na aliifanya kwa kuongea tangu alfajiri. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kutoka sikuruhusiwa, kuongea sikutaka, basi nilishinda na simu nikisoma habari za nyota zinazoishi mbilimbili, zikizungukana.

"Unasoma nini kutwa nzima, wifi?"

"Nyota. Moja ikilipuka, ile nyingine inakuwaje."

"Haya, inakuwaje?"

Nikamweleza. Mlipuko huo, unaoitwa supanova, huichuna nyota iliyobaki tabaka lake la juu na kuiunguza mpaka ivimbe, ing'ae kupita kiasi. Baadaye hutulia taratibu. Masalia ya ile iliyokufa huigandia usoni.

"Halafu inaolewa na nyingine?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikalia. Naye akalia, marehemu alikuwa kaka yake.

"Haiolewi," nikamwambia. "Ile iliyolipuka ikishapoteza uzito, mara nyingi hakuna tena cha kuishikilia hii. Inaondoka zake, kwa mwendo uleule iliokuwa nao ilipokuwa ikizunguka."

"Inakwenda kwa nani?"

Swali hilo ndilo lililojadiliwa sebuleni kwangu kila Ijumaa. Wakwe walitaka nihamie Mazingara. Kaka zangu, Wasambaa walioshuka mlimani wakalima Kerenge, walisema nirudi kwao. Kila upande ulishaandaa chumba. Mimi hakuna aliyeniuliza, nikawa nameza hasira pamoja na chai yao.

Siku ya kutoka eda, wanawake walipokwisha kuniogesha na kunivika nguo mpya, wifi aliniuliza sebuleni mbele ya ndugu wote, "Haya, unakwenda wapi?"

"Nabaki hapahapa. Kesho naenda kazini."

"Utaweza peke yako, dada?" kaka yangu akauliza.

Nikasema nitaweza. Sikuwa na hakika hata kidogo, na walipoondoka jioni ile niliogopa hata kuzima redio.

Asubuhi nilijikuta nakohoa kabla ya kufungua mlango, kama alivyozoea mume wangu. Zamani tulitoka pamoja, yeye akienda kituo cha umeme, mimi shuleni. Alikuwa na miguu mirefu. Miaka yote nilimlalamikia, "Baba, punguza mwendo, hatufukuzwi," asipunguze, mpaka nami nikazoea kwenda mbio. Tukifika njia panda tulisimama tukapiga soga hadi wenzake wapite wamchukue, ndipo nami nikaendelea na safari yangu.

Siku hiyo geti la shule nililikuta bado lina kufuli. Nilikuwa nimekwenda kwa mwendo wake njia nzima, na pale njia panda hapakuwa na wa kusimama naye.